Pedi za Seramiki kwa STI: Anza na Joto

Simama kwenye kaunta ya duka la spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, uombe pedi za breki za Subaru Impreza WRX STI. Utawekewa boksi mbili tatu mbele yako, na mojawapo itasifiwa kwa neno moja tu. "Chukua hii, bosi. Ni seramiki, ya Japan. Ukifunga hii umemaliza." Neno hilo limekuwa kama muhuri wa ubora, na wengi hulipa bila kuuliza swali la pili. Mwongozo huu unahusu hilo swali la pili, la tatu na la nne.

Nimechukua STI kama mfano kwa sababu ndilo gari la kasi linaloonekana zaidi kwetu, na mapenzi hayo yana mizizi. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000, na tangu mbio hizo ziliporejea kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, zikiwa na makao Naivasha, wikendi ya Safari barabara za kushuka bondeni hujaa Subaru. Mwenye Lancer Evolution au Nissan 350Z atanufaika vilevile. Mambo ya kalipa ndiyo yatakayotofautiana kidogo.

Ninachokuomba ni kimoja: usichague pedi kwa jina la kitu ilichotengenezwa nacho. Chagua kwa joto. Jiulize gari lako litazalisha joto kiasi gani, wapi, na kwa muda gani bila kupumzika, kisha ndipo utazame boksi. Kwa wengi wenye magari ya kasi yanayoishi barabarani, jibu litakuwa seramiki kweli. Kwa wachache, seramiki ya barabarani ni kosa linaloweza kuua.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Breki haili mwendo. Inaugeuza kuwa moto. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takribani kilojuli 580. Ukilisimamisha, nishati hiyo yote inaingia kwenye diski na pedi ndani ya sekunde chache, nayo inatosha kuchemsha birika la maji la lita 1.7 kutoka ubaridi wa kawaida wa nyumbani. Mwendo ukizidishwa mara mbili, joto halizidi mara mbili. Linazidi mara nne. Ukisimama kutoka 200 umechemsha karibu lita saba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na magurudumu mawili ya mbele.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi, na kwangu mimi ndiyo ya maana zaidi kwa anayeendesha Afrika Mashariki. Kila mita 100 unazoshuka kwa kimo, ukiacha kazi inayofanywa na upepo na injini, huzipa breki joto sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu. Uzito haubadilishi uwiano huo, ingawa joto lenyewe huongezeka gari likijaa. Sasa fikiria mteremko wa Mai Mahiu, au Kitonga kwa wenzetu wanaotoka Iringa: mita mamia kadhaa za kimo, lori mbele yako, mguu hautoki kwenye pedali, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba hakuna upepo wa kupoza diski. Kijana anayejivunia kusimama kwa kishindo kwenye taa za barabarani Nairobi anaipa breki yake kazi ndogo kuliko mzee aliyejaza watu wanne na mizigo akishuka taratibu kwenda Naivasha huku amekanyaga breki njia nzima.

Kauri ile na kauri hii

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaogharimu watu pesa nyingi. Kuna diski za kaboni na seramiki, zile Porsche ilizoanza kuzitoa kwenye 911 mwaka 2001 na Ferrari ikazifunga kwenye Enzo mwaka 2002. Hizo ni diski. Ni nyepesi, hustahimili joto la ajabu, na bei yake inaweza kununua gari zima la kawaida. Zina pedi zake maalumu. Ukikutana na gari lenye diski hizo, usilifunge pedi ya seramiki ya kawaida kwa sababu tu maneno yanafanana, maana utaharibu diski. Na ukiwa na STI yenye diski za chuma, kama zilivyo takribani zote, pedi ya seramiki haikupi breki za Porsche. Ni vitu viwili tofauti.

Pedi ya seramiki ni mchanganyiko uliobanwa kwa moto juu ya bamba la chuma. Ndani yake kuna nyuzi za kauri, vijazio visivyo na chuma, vilainishi, na gundi ya utomvu inayoshika vyote pamoja. Mara nyingi huwa na metali kidogo. Pedi ya nusu metali ni ndugu yake mkali zaidi: theluthi moja hadi theluthi mbili ya uzito wake inaweza kuwa chuma na metali nyingine. Halafu kuna zile laini za nyuzi zisizo na asbesto, ambazo magari mengi ya familia kutoka Japani hutoka nazo kiwandani.

Ukitaka kuelewa tofauti ya seramiki na nusu metali, nenda jikoni. Sufuria ikiwa motoni, mkono wake unaunguza mara moja. Chungu cha udongo kinaweza kuwa kinatokota na bado ukingo wake ukagusika kwa muda. Chuma hupitisha joto haraka, udongo uliochomwa hulizuia. Pedi yenye metali nyingi hupeleka joto zaidi nyuma, kwenye pistoni na mafuta ya breki. Ya seramiki hupeleka pungufu ya hapo, na sehemu kubwa ya joto hubaki kwa diski, ambayo kazi yake ni kulitupa hewani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye pedi za seramiki awe na diski nzuri: nene, zisizo na nyufa, na zenye matundu ya hewa ya ndani yasiyozibwa na kutu.

Faida za seramiki ni za kweli na sioni haya kuzitaja. Hazipigi kelele asubuhi. Vumbi lake ni jepesi na la rangi hafifu, haling'ang'anii rimu kama lile jeusi la chuma. Mwenye rimu za dhahabu za STI anajua ni Jumamosi ngapi zimekwisha akisugua. Hazili diski upesi. Na mguuni zinatabirika: unavyozidi kukanyaga ndivyo zinavyozidi kushika, bila kushtuka.

Upungufu wake uko kwenye joto la juu linalodumu. Pedi nyingi za barabarani, seramiki zikiwemo, huanza kupoteza nguvu mahali fulani kati ya nyuzi 400 na 500. Pedi za mashindano huenda mbali zaidi ya hapo, lakini zikiwa baridi haziumi, zinapiga mayowe, na zinakata diski kama tupa. Kumfungia mtu wa kwenda kazini pedi za mashindano ni kumtoa asubuhi na breki dhaifu kuliko za Vitz.

Kuchoka kwa aina mbili

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mtu asiyezijua dalili hizi hununua dawa ya ugonjwa asio nao.

Breki inaweza kuchoka kwa namna mbili. Ya kwanza ni pedi yenyewe kuzidiwa. Gundi yake inapovuka kiwango cha joto, hutoa gesi na uso wa pedi unakuwa kama umepakwa mafuta. Mguuni, pedali inabaki ngumu kama jiwe, lakini gari halisimami. Unakanyaga kwa nguvu zote na bado lile lori linakuja. Utasikia na harufu, ile ya mpira na kemikali inayowaka, inayopanda hadi ndani ya gari.

Ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Hapo pedali inakuwa laini, inashuka, na mwishowe inagusa sakafu. Ukiikanyaga mara mbili tatu haraka inaweza kurudi kidogo. Gari likipoa, kila kitu kinakuwa kama hakikutokea, na fundi hataona kosa lolote.

Mimi nilionja ya pili. Ilikuwa kwenye mteremko, gari limejaa, pedi mpya nzuri za bei kubwa mbele na nyuma. Pedali ilinywea kwenye kona na nikamaliza kilomita zilizobaki kwa gia ya pili na moyo ukipiga. Pedi zile hazikuwa na kosa. Mafuta ya breki yalikuwa na miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, nikiwemo mimi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ni maji nusu, asingoje zaidi ya miaka miwili kuyabadilisha. Na jihadhari na jina: DOT 5 tupu ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine kabisa, hata kama namba inaonekana iko katikati yao.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya pedi, uliza umri wa mafuta yako. Pesa ya chupa mbili za DOT 4 nzuri na saa moja ya fundi kutoa upepo kwenye mabomba ni ndogo sana ikilinganishwa na seti ya pedi, na mara nyingi mafuta ndiyo yalikuwa tatizo lenyewe.

Lijue gari lako, vua gurudumu

STI za herufi GDB, zilizoanza kutoka mwaka 2000, zilikuja na kalipa za Brembo: pistoni nne mbele, mbili nyuma. Diski ya mbele ina kipenyo cha milimita 326 na ya nyuma 316. GRB iliyofuata iliendelea na mtindo huohuo. Matoleo ya mwisho ya VAB, kuanzia 2017 kule Japani, yalipewa kalipa za pistoni sita na diski kubwa zaidi, na pedi zake ni nyingine. WRX isiyo STI, kama GDA, ina kalipa tofauti kabisa. Umbo la pedi ya mbele ya GDB ndilo lilelile la Lancer Evolution VIII na IX yenye Brembo, kwa hiyo usishangae muuzaji akikupa boksi lililoandikwa Mitsubishi. Anaweza kuwa sahihi.

Lakini usinunue kwa herufi za chesisi peke yake. Magari haya yamepita mikono mingi. Kuna GDA zilizobadilishwa zikafungwa kalipa za STI, na kuna STI ambazo kalipa zake ziliuzwa zamani. Kuna hata vifuniko vya plastiki vyekundu na vya dhahabu vyenye jina la Brembo vinavyobandikwa juu ya kalipa za kawaida. Vua gurudumu. Piga picha ya kalipa, toa pedi moja, ipeleke dukani uipatanishe na mpya bamba kwa bamba, tundu kwa tundu.

Ukiwa umeshavua, pima diski. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, na kwa kawaida ni milimita mbili tu chini ya unene wa diski mpya. Si nyingi. Fundi wa kerezo atakuambia anaweza kuisawazisha, na anaweza kweli, ila mpimie kwanza. Diski iliyokerezwa hadi chini ya kiwango haina tena mwili wa kubeba lile joto tulilolihesabu.

Kusoma pedi ubavuni

Boksi husema linachotaka. Pedi yenyewe ina maandishi machache, na hayo ndiyo ya kusoma.

Tafuta herufi mbili zinazofuatana, kama FF, GF au GG. Ni kipimo cha Kimarekani cha msuguano: herufi ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa STI ya barabarani nisingekubali chini ya FF. Nataka pia herufi ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza: GE maana yake ni pedi inayokupenda asubuhi na kukukimbia mteremkoni. Lakini usizipe herufi hizi uzito wa mahakama. Hupimwa kwa kipande kidogo maabara, na kipimo huishia karibu nyuzi 340. Hazikuambii lolote kuhusu nyuzi 500.

Herufi nyingine ni A, B au N, ikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka. Hii ilizaliwa na sheria za majimbo ya Washington na California, zote za mwaka 2010, za kupunguza shaba kwenye pedi kwa sababu vumbi lake huishia mitoni na kudhuru samaki. N ina shaba chini ya asilimia 0.5. Haipimi uwezo wa kusimama. Kwako ina faida mbili: inakuonyesha mwaka pedi ilipotengenezwa, na inakukumbusha kwamba watengenezaji wengi wamebadilisha mchanganyiko wao katika miaka hiyo. Rafiki yako akisifu pedi aliyoifunga 2012, jina likabaki lilelile, inawezekana kilicho ndani si kilekile.

Alama ninayoipenda zaidi ni ya Ulaya: herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyoidhinisha, na karibu yake 90R. Kanuni hiyo hudai pedi mbadala isitofautiane na ya asili ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa mtu anayetaka pedi ya barabarani ya kuaminika, alama hiyo ina maana kuliko neno seramiki lililochapishwa kwa dhahabu.

Feki zimejaa, tusijidanganye. Pedi halali ina maandishi yaliyopigwa kwenye bamba au kuchapwa vizuri ubavuni, na namba zake zinapatana na za boksi. Pande zote nne zina unene mmoja. Hakuna ufa, hakuna pengo kati ya nyenzo na bamba, rangi ya bamba haibanduki kwa kucha. Katika miji ya pwani tazama bamba hasa: chumvi ikiingia chini ya rangi, kutu huinua nyenzo yote kutoka kwenye bamba kama gamba la mti. Pedi ambazo bamba lake lina meno yanayoshika nyenzo huvumilia zaidi. Na muuzaji asipokuruhusu kufungua boksi mbele yake, mwambie asante, kaka, uendelee na safari yako.

Ukitaka majina ya kuanzia: Akebono ya Japani, iliyoanzishwa 1929, imejenga sifa yake kwa seramiki tulivu za barabarani. EBC ya Uingereza ina Redstuff, seramiki iliyokusudiwa magari ya kasi ya barabarani. Hawk ya Marekani ina Performance Ceramic. Ferodo DS2500, ambayo watu wengi huiita seramiki, si seramiki. Ni pedi ya mtu anayekwenda uwanjani na kurudi nayo nyumbani, na atavumilia kelele na vumbi.

Basi wewe ni nani?

Kama STI yako inakwenda kazini, wikendi inakwenda Nanyuki au Bagamoyo, na mara moja moja unaifungulia barabara ikiwa tupu, funga seramiki nzuri mbele na nyuma, DOT 4 mpya, na ulale usingizi.

Kama unashuka Mai Mahiu au Kitonga mara kwa mara ukiwa umejaza, seramiki bado inawezekana, kwa sharti kwamba mguu wako ujifunze upya. Ingia kwenye gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, injini ilishike gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, iachwe ipumue, ikanyagwe tena. Ile tabia ya kugusa kidogo njia nzima ndiyo inayopika kila kitu. Kama huwezi kuiacha, au gari linaendeshwa na watu wengine usiowadhibiti, chukua nusu metali yenye daraja zuri na uzoee kufuta rimu.

Kama unashiriki mbio za uwanjani au otokrosi, usiende na seramiki ya barabarani. Nasema hivi bila kulainisha. Mizunguko michache ya kasi huzalisha joto ambalo pedi hiyo haikutengenezewa, nayo itakusaliti mwisho wa mnyoofu mrefu, mahali ambapo unaihitaji zaidi. Kuwa na seti mbili. Kwenye kalipa za Brembo za STI pedi hushikwa na pini mbili na springi. Unavua gurudumu, unagonga pini, pedi zinatoka kwa juu bila kung'oa kalipa. Fundi makini anabadilisha za mbele zote kwa nusu saa.

Usichanganye pia seramiki nyuma na pedi kali mbele bila kufikiri, wala kinyume chake. Nyuma ikishika kuliko mbele, gari huzunguka kwenye mvua kabla hujajua kilichotokea. Tumia familia moja ya pedi kwenye ekseli zote mbili, na kamwe usibadilishe upande mmoja tu.

Siku ya kufunga

Hakikisha fundi hapulizi vumbi la breki kwa kompresa. Pedi za zamani au zisizojulikana zilikotoka zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lolote la breki si la mapafu. Alowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, afute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Kabla ya kurudisha pistoni nyuma, afungue kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki na kutazama kiwango, la sivyo yatafurika na kula rangi ya gari. Grisi ni ile ya breki inayostahimili joto, kidogo tu, mgongoni mwa pedi na kwenye pini. Tone likigusa uso wa pedi au diski, anaanza upya. Diski iliyokuwa na pedi za aina nyingine isafishwe vizuri, maana seramiki hufanya kazi kwa kujenga utando wake mwembamba juu ya diski, na utando wa mgeni huizuia.

Kabla gari halijasogea hata mita moja, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Kuna watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili.

Kisha utando huo ujengwe. Amka alfajiri ya Jumapili, tafuta barabara pana isiyo na gari nyuma yako. Nenda 80, kanyaga kwa uthabiti hadi karibu 20, lakini usisimame kabisa, achia, panda tena 80. Rudia mara nane hadi kumi. Katikati ya zoezi utasikia harufu na pengine kuhisi breki zimelegea kidogo. Ni gesi za kwanza za gundi mpya, afadhali zitoke sasa kuliko mteremkoni. Ukimaliza endesha dakika kumi bila kushika breki kwa nguvu, zipoe zenyewe.

Kosa kubwa hapa ni kusimama na kubaki umekanyaga pedali diski zikiwa za moto. Pedi huacha alama yake palepale, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, na baada ya wiki usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ina madoa ya nyenzo ya pedi. Hili linakuhusu hata miezi baadaye: ukifika chini ya mteremko na kulazimika kusimama kwenye foleni, acha pedali, tumia breki ya mkono. Kwenye STI breki ya mkono hushika ngoma ndogo iliyo ndani ya diski ya nyuma, haigusi pedi kabisa.

Baada ya kilomita 500 vua gurudumu tena. Pedi ya ndani na ya nje ziwe zimelika sawa. Moja ikiwa imekwisha kuliko mwenzake, kuna pistoni inayonata, na hakuna pedi itakayoponya hilo. Andika unene wake kwa kalamu kwenye kitabu cha huduma. Pedi mpya huwa na milimita kumi au zaidi kidogo, na ikibaki tatu ni wakati wa kurudi kaunta. Kama una safari ya kushuka bondeni, rudi ikiwa tano, kwa sababu pedi nyembamba haina tena unene wa kuzuia moto usifike kwenye pistoni. Hizo za milimita tano hazijafa. Zifunge kwenye gazeti, andika juu yake gurudumu ilikotoka na kama ilikuwa ya ndani au ya nje, uzitunze kwa ajili ya foleni za mjini.